Mpangaji wa Nyuma ya Tangi

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, kifundo cha mguu kimepona na kile kikohozi cha vumbi kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Mama naye hajambo, ila goti linamsumbua, na yeye amekataa katakata kulisumbua goti kwa dawa. Yuko kwenye cherehani tangu asubuhi, anagombana na wateja wanaonenepa baada ya kupimwa. Anakusalimu sana. Anauliza utamletea mkwe lini, maana anasema kwa jinsi unavyoandika, mwisho ataletewa simba jike.

Juzi alikuwa akipanga kabati, akalikuta lile shati la kwanza ulilolishona kabla hujaota ndevu. Tulilitandaza mezani tukacheka mpaka mbavu zikauma. Mishono yote imelalia kushoto, kama watu wanaosinzia kwenye benchi. Unakumbuka alivyotufundisha sote wawili kwa sindano moja, mimi nikashika, wewe ukashindwa, akasema mkono wako umeumbwa kwa kazi yoyote ile isipokuwa hiyo. Shati amelirudisha kabatini. Hatupi kitu chako hata kimoja, ingawa mbele ya watu anakusema vibaya.

Barua yako niliipata kwa dereva wa gari la mahitaji, inanuka dizeli kama kawaida. Mwanzo wake ulinichekesha, pale mkuu wako alipokuagiza tena uzibe lile tangi la maji linalovuja nyuma ya kituo chenu cha askari wa wanyamapori, nawe ukamjibu kwa heshima zote kwamba vifaa havijafika. Kaka, hivyo vifaa vinakuja kwa miguu? Sote tunajua kwa nini tangi lile halizibwi. Ni kwa ajili ya Mpangaji. Hata mama, ambaye simba amemwona kwenye kalenda tu, anajua kwamba kila jua likikaza Mpangaji huja kunywa maji yanayochuruzika, akalala kivulini kwenu mpaka ashibe usingizi, akaondoka bila kulipa kodi. Na anajua kwamba mkirudi doria, akisikia mlio wa gari lenu huinuka na kuja kulipokea, kwa sababu ninyi ndio mnaofungulia bomba.

Ulifurahi pia, ingawa kwa mistari miwili tu, kwamba siku hizi dume mchanga ameanza kuja kunywa hapo hapo, manyoya ya shingoni ndiyo kwanza yanachomoza. Unadhani ni mtoto wa Mpangaji. Ukaniomba nimtafutie jina, kwa kuwa mimi ndiye mwenye maneno mengi nyumbani.

Lakini sehemu iliyobaki imenikosesha raha. Umeandika kwamba Mpangaji hajaonekana tangu nyasi zilipokauka, na kwamba umemtafuta makorongoni mpaka viatu vikapasuka. Sasa macho yote yako kwa yule mfugaji jirani yenu. Kaka, mfugaji huyu ulikuwa ukinisifia mwenyewe. Ndiye aliyekuletea maziwa kila siku ulipolazwa na homa, ndiye uliyeniambia kwamba akicheka, ng'ombe wake hugeuka kumtazama. Kisha Mpangaji akala mtamba wake, na kwa hasira akasema mbele ya watu kwamba simba yule akirudia ataikuta nyama imetiwa sumu. Tangu hapo hamsalimiani. Na mwisho wa mwezi kuna mkutano, nawe umesema utasimama ueleze ulivyomsikia, ili aondolewe kwenye malisho ya kando ya mto, yeye, wanawe na mifugo yake. Umeandika kwamba una hakika.

Nakuomba kitu kimoja. Usisimame kwenye mkutano wowote kabla hujaimaliza barua hii.

Nikueleze kwanza habari za kazini, na uzisome bila kununa. Najua unavyoiona karakana yetu ya kujaza wanyama. Ulishaniambia kwamba mimi ni mtu wa kuvisha maiti ili zikapambe sebule za watu wenye majivuno. Nami nikakujibu kwamba kodi wanayolipa wenye majivuno hao ndiyo inayoajiri askari wa ng'ambo ya mto, ukanikasirikia, ukakaa bila kuandika mpaka mama alipoingilia kati. Bosi wangu, Mzee Pamba, aliyepewa jina hilo zamani walipokuwa bado wakijaza wanyama pamba, anashikilia kwamba bila vitalu vya uwindaji ng'ambo yote ile ingekuwa mashamba na tanuri za mkaa, na simba wangekosa hata pa kufia. Wewe unashikilia kwamba uhai ukishapangiwa bei umekwisha kuwa bidhaa, na bidhaa haina mtu wa kuililia. Nikikusikiliza wewe naona una haki. Nikimsikiliza yeye naona ana haki. Kisha nabaki peke yangu na ngozi mezani, sioni haki ya mtu, naona ngozi tu.

Sasa, muda si mrefu uliopita tuliletewa ngozi ya simba dume mzee. Mambo yake yote yalikuwa sawa: aliwindwa kitaluni, kwa kibali, umri unaoruhusiwa, dume aliyekwisha kufukuzwa na wenzake asiye na familia tena. Mwenye ngozi ni mgeni kutoka mbali, mzee mwembamba mwenye mikono inayotetemeka, alikuja na mwindaji aliyemwongoza porini, ambaye pia ndiye aliyekuwa akitutafsiria. Alitaka simba asimame, mdomo wazi, meno yote nje. Hilo halikutushangaza. Karakanani kwetu hakuna simba aliyewahi kufa mdomo umefumbwa. Akaomba pia tumrekebishe shingo, kwa sababu palikuwa na mstari mpana usioota manyoya. Mzee Pamba akamwambia asihofu, tutachana manyoya ya juu yafunike, na pasipofunikika tutabandika mengine kwa gundi. Ndiyo kazi yetu. Kwetu mnyama hutoka hana kovu hata moja, kama vile hajawahi kuishi mahali.

Nikaanza kazi. Ngozi ikishatoka kwenye chumvi na kulowekwa, huwa tunaigeuza ndani nje na kuikwangua kwa kisu mpaka iwe laini. Nilianzia mgongoni, nikaja mabegani huku nikiimba, maana ilikuwa ngozi nzuri isiyosumbua. Nilipofika shingoni nikaliona lile kovu kutoka ndani. Lilizunguka shingo yote, kama panavyobaki alama ya waya. Na chini ya sikio, pale lilipokuwa pana zaidi, palikuwa na alama za mishono. Ndogo ndogo, zimefuatana, na zote zimelalia kushoto.

Kaka, kisu kiliniponyoka.

Wewe ndiye uliyetuandikia siku ile mlipomkuta Mpangaji amenaswa na mtego, shingo imekatika nusu. Ulitueleza jinsi daktari alivyomlaza kwa dawa, jinsi ulivyompakata kichwa, na jinsi daktari, mikono yake ikiwa imebanwa na kuzuia damu, alivyokukabidhi sindano umalizie. Mama aliwasomea barua ile wateja wote waliopita dukani juma zima, akisema mwanawe amejifunza kushona hatimaye, ila kwa mteja asiyeweza kurudisha nguo. Tulicheka sana. Ulisema kovu lake linamfanya aonekane kama mtu aliyevaa tai vibaya.

Ni yeye. Sina shaka, mkono wako naujua. Mpangaji hakulishwa sumu na mtu. Alivuka mto kwa miguu yake, akaingia kitaluni, akapigwa risasi kwa kibali halali, na habari za upande ule, kama ulivyokuwa ukilalamika siku zote, hazivuki kuja kwenu.

Nilikaa sakafuni nikalia. Mzee Pamba aliponiuliza nimepatwa na nini nikamwambia ukweli. Unajua hataki kabisa habari za mnyama wa mteja zitoke nje ya mlango. Alivua miwani, akaigusa ile mishono kwa kidole, akasema anakwenda kunywa chai na kwamba nisiwe na haraka.

Ningeweza kuishia hapa, nikakuachia msiba wako uulilie kwa amani. Barua kadhaa nilizozichana ziliishia hapa. Lakini kuna jambo moja zaidi, na ndilo ninalolizungukia tangu nilipokuamkia.

Yule mzee mgeni alirudi kuangalia kazi imefikia wapi. Nilikuwa nimejiandaa kumpa maneno yake, tena nilikuwa nimeyapanga vizuri. Nikamweleza habari za tangi, za waya, za tai, nikamweleza habari zako. Nilidhani atakasirika, au atacheka. Alivuta kigoda akakaa, akamwomba mwindaji arudie kutafsiri, pengine alihisi hakusikia sawasawa. Kisha akasema kwamba tangu utoto wake alitamani kusimama mbele ya simba mara moja tu katika maisha yake na kuogopa. Kwa sasa ni mgonjwa, akaona asipokuja mwaka huu hatakuja tena. Alisema alikuja kuogopa, na hakuogopa.

Walifuata nyayo mpaka wakachoka, wakarudi garini wakawasha gari waondoke. Na gari lao, kaka, ni la aina moja na lenu. Mpangaji alipousikia mlio akatoka kichakani mwenyewe. Alikuja taratibu, akalala chini ya mti karibu nao, akawatazama. Hakunguruma wala hakukimbia. Mwindaji alimwambia mzee kwamba bahati kama hiyo haiji mara mbili, wakashuka, naye akafyatua. Tangu siku hiyo, alisema, hata akiwa mezani anamwona yule mnyama amekaa anamtazama, kama anayengojea kitu. Akaniuliza mimi, kwa kuwa ninamjua, kama ninaweza kumwambia alikuwa akingojea nini.

Nilimwambia alikuwa akingojea maji.

Basi nimelisema. Sitakudanganya kwamba halikuhusu, utakuwa umekwisha kulielewa kabla ya kumaliza mstari. Wema wako ulimtoa waya shingoni, na wema huo huo ukamfundisha kwamba mlio wa gari ni habari njema. Sikulaumu. Ningekuwa mimi ningemfungulia bomba pia, tena ningemwekea na beseni. Ila nakupenda, ndiyo maana nimeona bora ulisikie kwangu kuliko kwa mtu atakayekuambia huku akitazama uso wako unavyobadilika.

Mzee yule hakutetea alichokifanya. Alisema tumtengeneze kama atakavyosema anayemjua. Nimemlaza. Mdomo umefumbwa, kidevu kiko juu ya mguu wa mbele, macho nimeyachagua yale yenye usingizi. Tai yake iko nje, sikuigusa. Mzee Pamba anapita anamtazama na kutikisa kichwa, anasema huyu ndiye simba wa kwanza aliyetoka kwake akiwa na adabu.

Sasa yanayobaki ni yako. Mwindaji ameahidi kuja kwenye mkutano wenu aeleze alichokiona, lakini wewe usimngojee. Nenda kwa mfugaji kabla ya siku hiyo, mchana, bila sare, upige hodi kama zamani. Mwambie ulimdhania vibaya. Ana haki ya kukujibu vibaya, naye akikujibu vibaya kaa tu mpaka amalize. Alisema maneno kwa uchungu wa mtamba wake, nawe ukakaribia kumng'oa mtu na wanawe kwa uchungu wa simba wako. Uchungu ni ule ule.

Na lile tangi, kaka, lizibe. Vifaa nimevinunua mwenyewe na nimempa dereva pamoja na barua hii, usije ukasema havijafika. Jina uliloniomba la yule dume mchanga silitoi. Nililifikiria siku nyingi, nikapata zuri sana, nami nitakaa nalo hukuhuku.

Mama nilimwambia jana. Alikwenda kulitoa lile shati kabatini, akalikaza vifungo, akaniambia nilifunge kwenye kifurushi chako. Hakulinyoosha mshono hata mmoja. Anasema uje nyumbani ukipata likizo, hata kama huna mkwe.

Wasalimie wenzako wote kituoni, na mkuu wako, mwambie ameshinda. Msalimie sana mfugaji na nyumba yake. Na yule mchanga akija kunywa, msalimie kwa mawe, umpigie na debe, umfukuze mpaka mto, hata kama moyo utakuuma. Kila akisikia gari, akimbie.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Fundi Sindano