Koti la Kijani Msumarini

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti hayakusumbui, na yule paka wa jirani ameacha kulala ndani ya viatu vya wateja. Mimi sijambo. Kazi ni ileile, napiga pasi mashuka ya hoteli tangu asubuhi, nikirudi chumbani nimeshiba mvuke.

Naandika kwa sababu kwenye simu huongei nami. Nikikuuliza la maana unajibu "njema, njema," halafu unaniambia nikapumzike. Barua huwezi kuikata, kwa hiyo soma hadi mwisho. Kinyozi jirani yako ameniambia umejichoma tena sindano kidoleni. Anasema umemshonea mteja soli ya kushoto kwenye kiatu cha kulia. Alianza kunisimulia huku anacheka, lakini mwishoni hakucheka.

Daktari wa macho alikuambia, Mama akiwa bado hai, kwamba jicho la kushoto lina mtoto wa jicho na la kulia linafuata. Alisema upasuaji ni mdogo, ila ukichelewa sana mambo yanakuwa magumu. Usipoona huwezi kushona, na usiposhona sijui utashindaje mchana kutwa peke yako. Tarehe ya kwanza waliyokupangia uliiacha ipite. Ya pili je, ulikwenda?

Mwanao,
Chiriku

19 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Nimefurahi kusikia uko salama. Magoti yananiheshimu. Paka hajaacha, sasa amehamia kwenye buti za polisi.

Sijaenda. Siku ile mvua ilinyesha, halafu wazazi wakaleta viatu vya shule kwa pamoja, kila mmoja anavitaka jana. Nitakwenda kesho. Si kesho hii, kesho ya wiki ijayo. Na huyo kinyozi usimsikilize, ana mkasi mdomoni.

Mama yako angekuwepo angeshanishika mkono twende. Unakumbuka alivyokuwa akinishika? Kwa vidole viwili tu, hapa kwenye kifundo, kama vile mkono wangu ni kikombe cha moto.

Chumba chako nimekifagia. Unakuja lini?

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. U hali gani? Mimi mzima, isipokuwa kikohozi kidogo cha vumbi la pamba.

Barua yako nimeisoma kwa shida. Mistari imepandana, neno "mwanangu" limelala juu ya neno "mvua". Sasa nikuulize vizuri, bila ugomvi. Wewe si mvivu. Nimekuona unashona una homa. Kiatu cha mtu hukilazi wiki mbili. Kwa nini macho yako mwenyewe unayalaza? Unaogopa kisu? Au ni hospitali yenyewe, kwa kuwa Mama alitolewa pale amefunikwa? Ni nini, Baba?

Kuhusu kuja, mwezi huu hoteli imejaa wageni. Mwezi ujao nitaona.

Mwanao

28 Mei

Mwanangu mpendwa,

Habari za huko? Kikohozi kimekwisha? Kunywa maji ya moto, na ukilala jifunike kifua. Mimi naendelea.

Nimechelewa kujibu. Barua yako imekaa chini ya redio muda wote huu, na kila nikitaka kusikiliza habari naikuta. Lile swali lako la "ni nini" lilinikera, kwa sababu sikuwa na jibu. Nilijua tu kwamba kila nikishika kadi ya kliniki, naona kazi nyingine ya haraka kuliko zote.

Wiki iliyopita nilifika hadi getini. Mlinzi akaniuliza, "Mzee, unaingia au unatoka?" Nikamwambia natoka.

Nikarudi nyumbani mchana, saa ambayo huwa sirudi. Nikafungua mlango, na mama yako yuko pale, ananikaribisha.

Usishtuke. Ni koti lake la kijani, lile la baridi. Bado linaning'inia kwenye msumari, mkabala na mlango. Kwa macho haya yangu silioni kama koti. Naona bega. Naona mtu amegeuka kidogo, kama anatafuta ufunguo mfukoni. Kila jioni namsalimia, namwambia nani kaleta kiatu gani na kakilalamikia vipi. Nikisogea karibu inakuwa nguo, basi napita kando bila kuigusa.

Siku hiyo nilikaa na ile kadi mkononi, nikajielewa. Siogopi kisu, mwanangu. Naogopa kwamba wakinisafisha macho nitafungua mlango nione koti.

Unajua sasa. Sikuambii ili unionee huruma. Unakumbuka ulipokuwa mdogo, viatu vikirundikana nikikosa nguvu ya kuanza, nilifanyaje? Nilichukua uzi nikaupaka nta, nikasema, "Leo napaka nta tu, sishoni." Na uzi ukishapakwa nta unateleza vidoleni, mkono unatamani wenyewe. Mama yako alikuwa akicheka: "Mwanamume gani wewe, unajidanganya mwenyewe na bado unaamini!"

Basi kesho napaka nta. Nitaitoa ile kadi kabatini niiweke juu ya viatu vyangu. Siendi popote.

Baba yako

11 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha, ahsante. Barua yako niliisomea kazini, mwenzangu akaniuliza kama mvuke umeniingia machoni. Nikasema ndiyo.

Nisikufiche. Hoteli haijajaa. Tangu Pasaka vitanda vingi ni vitupu, na msimamizi ametuambia anayetaka likizo aseme. Sijasema. Nikiwa huku mbali, Mama yuko jikoni kwetu. Anapunguza sauti ya redio yako, anakuuliza umenawa mikono au unataka kula na gundi. Tangu mazishi sijarudi, kwa hiyo kwangu bado hajaondoka kabisa. Sanduku langu la safari nimelisukumia chini ya kitanda hadi ukutani, nisilione hata nikifagia.

Kumbe nami nina koti langu.

Nenda, Baba. Nasema nenda, na mwenyewe siji. Nicheke ukitaka.

Mwanao

20 Julai

Chiriku wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, na hii mistari naiona nikiiandika, hebu itazame ilivyonyooka.

Kadi ilikaa juu ya viatu siku nyingi. Kila asubuhi naiondoa ili nivae, jioni nairudisha. Siku moja nilikuwa nimeishika hivyo, kinyozi akapita, akaiona, akasema, "Haya, funga kamba twende." Nikamwambia siendi, nilikuwa naisogeza tu. Akasema, "Isogeze hadi barabarani." Njia nzima alinihadithia habari za vichwa vya watu. Nilikuwa sijamaliza kumjibu tukajikuta tumepita geti. Jicho la kushoto wamelifanyia upasuaji, la kulia baadaye.

Bandeji ilipotoka nikarudi nyumbani. Nilisimama nje muda mrefu, ufunguo mkononi.

Koti lilikuwa koti. Mabega yamepauka, kifungo cha pili ni cha rangi nyingine. Sitakudanganya kwamba haikuuma. Nilikaa kitandani mpaka chai ikapoa. Nyumba hii ina kona nyingi kuliko nilivyokumbuka, na hata moja haina mtu.

Kisha nikasogea. Pale shingoni, umenasa kwenye mshono, kuna unywele wake mmoja mweupe. Umejikunja nchani, kama nywele zake zilivyokuwa zikijikunja mvua ikinyesha. Miezi yote hii nimepita kando yake nisiuone. Macho yale yalinipa mtu kamili wa uongo, haya yamenipa unywele, lakini ni wake.

Sijautoa. Koti sijaligusa. Nakungoja tulishushe wawili.

Sikuharakishi. Humu ndani nimekutilia kipande cha uzi, nimekipaka nta mwenyewe. Usishone chochote.

Baba yako

3 Agosti

Baba,

Shikamoo. Uzi umefika, na bahasha nzima inanuka kibanda chako.

Leo nimelivuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Nimelifuta vumbi. Mpini wake ulikuwa umekatika upande mmoja, nimeufunga kwa uzi wako, umekaza.

Siendi popote. Nimeliweka tu karibu na mlango.

Mwanao