Baraka ya Mkono wa Kushoto

Mama,

Shikamoo. Leo asubuhi Mlima Meru umetoka mawinguni wote, nikatamani uwe mlangoni uuone. Koko, mama yako, hajambo, ila bado anamimina chai vikombe vitatu, na cha tatu kinapoa.

Nina habari. Mjini wanajaribu chanjo mpya ya kifua kikuu, ugonjwa uliokuchukua, na wanatafuta vijana wenye afya wa kujitolea. Wengine tunachomwa chanjo yenyewe, wengine maji ya chumvi tu, na hatutajua nani kapata nini mpaka utafiti uishe. Nilitaka sana. Lakini sijafika umri wa kujiamulia peke yangu. Ilibidi Koko akubali, na Koko alikataa.

Ungemsikia! "Yaani mjaribu kwa mjukuu wangu? Ninyi hamna watoto?" Nesi wa utafiti akamweleza kwa upole kwamba halazimishwi mtu, na siku yoyote nikitaka kutoka, natoka.

"Wewe mwenyewe umechomwa?"

"Umri umenipita, mama."

"Umri umekupita, lakini mkono si unao?"

Nesi alicheka. Koko hakucheka. Tuliporudi Terrat aliniambia, "Nilizaa mmoja tu, nikamzika. Wewe sikutoi."

Sikubishana naye. Jioni, alipokuwa akikamua ng'ombe, nilimkumbusha jambo moja: mate yako.

Unakumbuka? Kila nilipokwenda shule nilikuinamishia kichwa, nawe ukanitemea mate kidogo utosini, kama Koko alivyokubariki wewe. Ulipoanza kukohoa ukaacha. Ulikaa chumba cha dirisha wazi, kanga mdomoni, na nikija mlangoni ulininyooshea kiganja kutoka kitandani. "Inama huko huko, mwanangu. Mkono wa Mungu ni mrefu."

Niliinama. Lakini utosi wangu ulibaki mkavu, Mama. Hadi leo nausikia mkavu.

Nikamwambia Koko, "Sitaki mama mwingine ambariki mtoto wake kwa mbali." Aliendelea kukamua mpaka ng'ombe akachoka naye.

Asubuhi akaniita. "Watachoma mkono gani?" Nikampa wa kushoto. Akautemea mate taratibu, kama anavyobariki kichanga, kisha akajifunga shuka. "Twende, kabla sijageuka."

Nimeshachomwa, Mama. Mkono uliuma kidogo, ukapoa. Huenda ni chanjo, huenda ni maji. Najua hata ikifaulu haitakurudisha. Mtu akikohoa kanisani bado nageuka haraka, nikidhani ni wewe.

Nakuahidi nitakwenda kila watakaponiita, mpaka mwisho. Na nikijaliwa mtoto, nitambariki kwa karibu, kwa mate yetu, bila kanga mdomoni.

Pumzika, Mama. Kengele ya shule inakaribia, na Koko ananiita nikakinywe mimi kikombe chako.

Nimeinama huku huku.

Mwanao,
Naserian