Anayepumua Nyuma ya Kamera

Bremanger, 10 Mei 1987

Mwanangu Frode,

Pokea salamu za huku, zenye upepo na harufu ya samaki kama kawaida. Mimi sijambo, ila mgongo hauniachi. Baba yako yuko vilevile, kitini kwake dirishani. Tangu apigwe na kiharusi amebaki na neno moja tu, "hapana", na analitumia kwa kila kitu. Namuuliza kama anataka kahawa, anasema hapana, kisha anakunywa vikombe viwili.

Kanda yako imefika, umeifunga ndani ya soksi. Tumeitazama mpaka mashine ikapata moto. Huyo rafiki yako Wenche jamani! Akiruka zile ngazi za kanisani na ubao wake wa magurudumu, mimi huku nakunja vidole vya miguu ndani ya slipa. Akitua, kwanza anapandisha soksi, ndipo anacheka. Wapo wanaoruka juu kumshinda, lakini yeye hana papara, na hilo mtu hafundishwi. Jarle naye mwambie apunguze hasira. Kila akianguka anaupiga ubao teke, kwani ubao umemkosea nini?

Wewe tu ndiye nisiyekuona. Nasikia kifua chako kikipiga filimbi kama ulipokuwa mdogo, nasikia ukipaza sauti "Tena!", basi. Siku moja mpe Wenche kamera nikuone sura. Tangu majani yapukutike mwaka jana sijavuka duka la Solveig, maana baba yako haachiki peke yake. Kanda zako ndizo matembezi yangu.

Mama yako

Oslo, 24 Mei 1987

Mama mpenzi,

Nakusalimu, na baba pia. Mimi mzima. Nimemsomea Wenche sifa zako akaona haya, jambo ambalo sijawahi kuliona. Jarle amezisikia zake akanuna kutwa nzima.

Mpiga picha haonekani, mama. Mimi nakuwa juu ya ubao wangu nyuma yao, nimechuchumaa, kamera nimeishusha karibu na magurudumu. Ukiniona, ujue nimeharibu kazi. Juzi polisi wamemnyang'anya Jarle ubao wake. Sheria bado ni ileile, mbao hizi ni marufuku kuuzwa na marufuku kuchezewa, kwa hiyo tumehamia msituni, kwenye kuta za mbao zilizopinda tulizojenga wenyewe. Usimwambie mchungaji.

Sasa habari yenyewe. Mwisho wa Juni nakuja nyumbani. Nitakaa na baba wiki mbili, nawe uende Bergen kwa mama mdogo Torunn. Usibishe.

Mwanao

Bremanger, 7 Juni 1987

Frode wangu,

Hatujambo, na mimi leo zaidi ya sijambo. Sibishi! Nimeshampigia Torunn simu, ananiandalia chumba cha juu. Gauni la buluu nimelipiga pasi na kulitundika mlangoni. Nalipita nikienda kumgeuza baba yako kitandani, nalipita nikirudi.

Sikuwahi kukwambia, lakini kuna asubuhi nasimama jikoni, nasikia kivuko kikipiga honi, nami natamani kupiga mayowe. Nampenda baba yako. Ila nyumba hii imenibana, mwanangu, inanibana mpaka pumzi. Nipe hizo wiki mbili tu.

Mama yako

Oslo, 20 Juni 1987

Mama,

Natumaini hamjambo. Mimi mzima. Kazi zimezidi kiwandani na sitaweza kuja. Nakutumia kanda mpya, imo Wenche akiruka kutoka juu ya ukuta. Nisamehe.

Mwanao

Bremanger, 29 Juni 1987

Frode,

Sisi wazima, kama kweli unataka kujua. Mistari michache, tena ya taipu! Nilirudisha gauni kabatini na kanda yako nikaitupa mezani.

Jana baba yako hakuacha kuikodolea macho, nikaiweka kwenye mashine. Wenche anaruka, anatua, anapandisha soksi. Hacheki. Baba yako akaanza, "Hapana. Hapana. Hapana." Nikamwambia, "Subiri basi, nakupeleka chooni." Nilipotaka kumnyanyua akanisukuma, akanyooshea kidole televisheni. Ndipo nikasikiliza. Aliyeshika kamera anapumua kimya, kifua hakina filimbi. Hakuna anayesema "Tena!"

Huyo si wewe. Baridi nzima nimezisikiliza kanda zako, pumzi yako naijua kuliko yangu. Baba yako amejua kabla yangu. Uko wapi? Nimefungiwa ndani, lakini si kiziwi.

Mama yako

Oslo, 6 Julai 1987

Mama mpenzi,

Mkono unaoandika ni wa Wenche, maneno ni yangu. Niko hospitali.

Nilikuwa namfuata Wenche kwenye mteremko, kokoto ikaingia chini ya gurudumu. Mtu mwenye akili angeitupa kamera ajikinge kwa mikono. Mimi niliiinua juu. Kamera haina hata mkwaruzo. Nimevunjika paja, na kifundo cha mkono. Madaktari tumewaambia nimeanguka kwenye ngazi. Mguu umening'inizwa kwa kamba na vyuma vizito, siruhusiwi kugeuka, nalala chali natazama dari lenye doa moja. Wanasema labda mpaka majani yapukutike.

Kanda ile alipiga Jarle. Nilidhani hutajua, maana mpiga picha haonekani. Huwezi kuja, sasa nikwambie ili iweje? Na niliona aibu. Nilijua gauni umeshalipiga pasi.

Mwanao

(Mama, mimi ni Wenche. Aliposema la gauni alilia. Amenikataza nisiandike.)

Bremanger, 19 Julai 1987

Frode mwanangu,

Unaendeleaje? Maumivu je? Unakula? Nimelia, nikakasirika, nikalia tena. Mjinga wewe, kamera inanunuliwa! Wewe sijui ningekununua wapi.

Siwezi kuja. Nimeomba wampokee baba yako kwenye nyumba ya wagonjwa hata kwa siku chache, wanasema hakuna nafasi mpaka baridi. Solveig hana mtu wa kumwachia duka. Wewe umefungwa kitandani, mimi nimefungwa hapa. Inaniuma sana na sitaipamba.

Lakini nimeazima kamera ya shule. Kanda hii hapa, ndani ya soksi yako ileile. Wenche akuletee mashine. Hakuna anayeruka humu. Liko jiko, liko dirisha na kivuko kikiondoka, liko gauni la buluu, nimelitundika tena. Yupo baba yako, namuuliza kama anamkumbuka mwanawe. Anasema hapana, kisha anaikamata kamera kwa mkono wake mzima na hataki kuiachia. Ndiyo maana pale picha inayumba. Wenche akicheka, mwache acheke, ni zamani hajacheka.

Mimi hutaniona. Fumba macho, usikilize. Hiyo pumzi inayosikika tangu mwanzo mpaka mwisho ni yangu.

Mama yako