Kikombe Kisichoonjwa

Jumapili, 10 Julai 2005

Kwaya itafanya matembezi Jumamosi. Tutafuata ziwa hadi Ruziba, turudi kwa njia ya mto Kanyosha. Kiongozi ni nani? Pontien! Kasimama mbele ya altare na kanzu nyeupe, anatutangazia tubebe kofia. Kofia! Halafu akasema tutapumzika pale château.

Neno lile lile. Miaka kumi iliyopita, wakati wa vita, huko mtaani kwetu Cibitoke, aliwaelekeza vijana wenye bunduki kwetu: nyumba ya chini ya château. Nilikuwa nyuma ya pazia, nilimsikia. Wakamchukua kaka yangu Claude akiwa na soksi tu miguuni. Mpaka leo hatujazika hata kiatu.

Prudence, aliyerudi juzi kutoka Ubelgiji, akauliza hiyo château, hilo kasri, ni la mfalme gani. Watu wakacheka. Hapa château ni tangi la maji, mpenzi! Pontien hakucheka. Nilimwangalia.

Jumatano, 13 Julai

Nimejua la kufanya. Nitabeba urwarwa, pombe ya ndizi aliyokamua mama. Kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ujue hakina sumu. Mimi nitampa bila kuonja. Mbele ya kwaya nzima! Akikataa, amekiri kwamba ana sababu ya kuniogopa. Akiniambia nionje — amekiri vilevile.

Sumu siweki. Nikimuua atapumzika. Nataka aumbuke, watu waone. Malipo ni hapa hapa duniani.

Ijumaa, 15 Julai

Mama anauliza mbona naimba jikoni.

Jumamosi, 16 Julai

Leo ni leo.

Vumbi, jua kali, ziwa limetulia. Njia nzuri kweli, isingekuwa ule mgongo wa Pontien mbele yangu. Prudence aliona kiboko akapiga kelele, wote wakamtania. Mimi nilibana kidumu changu kwapani.

Pale château tukakaa kivulini. Nikamimina, nikampelekea Pontien kikombe. Mama mmoja wa sauti ya pili akaninong'oneza: "Médi, we umesahau kuonja."

"Apana, mi sikusahau," nikasema kwa sauti.

Pontien akakipokea kwa mikono miwili. Hakukipeleka mdomoni. Nilifurahi — Mungu anisamehe, nilifurahi sana! Kisha akanywa. Chote. Akapangusa mdomo.

"Asante, Médi. Mi nilikuwa nakungoja. Twende mbio, nikuonyeshe fasi, pale Claude alilazwa, kabla sijaanguka."

Anadhani ni sumu!

Sasa tuko kando ya Kanyosha, mimi na yeye tu. Wengine tumewaacha kwenye tangi, midomo wazi. Njia nzima amekwenda haraka, kashika tumbo. Ametapika mara mbili, kwa woga tu. Ameomba nafasi ya kusali kidogo. Nimemruhusu. Nimekaa juu ya jiwe, naandika.

Ameuliza kama bado ana muda. Nimemjibu: si mwingi.

Ameonyesha ng'ambo, penye matete. Anasema yeye ndiye aliyelazimishwa kumfukia. Anasema Claude hakuwa na viatu, soksi tu.

Soksi! Hilo sijamwambia mtu yeyote nje ya nyumba yetu.

Amemaliza sala. Anavua viatu. Ananinyooshea mkono, anataka nimshike tuvuke.

Sijamwambia kwamba ni ndizi tu.