Nyumba ya Mawe ya Babu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na baridi ya huko Mbaga inakuachia usingizi? Mimi ni mzima, nimenenepa hata suruali nilizotoka nazo nyumbani zinanikataa.

Barua ya kaka Eliamani nimeipata. Anasema nyumba ya mawe aliyoijenga babu ibomolewe, kijiji cha ujamaa kinataka nyumba bora za matofali ya saruji, na kwamba wewe umegoma kutoka ndani. Ananingoja mimi, msomi wa ujenzi, nitoe uamuzi. Basi sikilizeni kwanza.

Mji huu wa Marekani ninakosoma ni mdogo kuliko hata Same, lakini majengo yake ya zamani wanayatunza kama yai: benki ya matofali mekundu, kanisa la mbao, mahakama yenye saa inayochelewa. La zamani kuliko yote ni kijumba cha mawe kando ya mto. Kati ya mawe wameshindilia udongo, sawasawa na kwetu. Nilipokiona nilicheka peke yangu njiani.

Kanisani wakatangaza kwamba paa la kijumba hicho linavuja, watu wa kusaidia wanatakiwa. Jumamosi mchana nikasikia kitu kinalia kama baragumu. Nikachukua sepetu, nikakimbia hadi kwenye kijumba. Nilimkuta mzee mmoja tu, anafagia majani.

"Moto uko wapi?" akaniuliza.

"Moto gani, mzee? Mimi nimeitikia msaragambo."

Nikamweleza kwamba kwetu Upare baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu wa kazi. Kumbe ni king'ora cha zimamoto, hukijaribu kila Jumamosi. Mzee alicheka mpaka akakaa chini.

Habari ikazunguka mji mzima. Jumamosi iliyofuata king'ora kilipolia walitoka na ngazi na nyundo, akina mama na sufuria za maharage. Tuliezeka paa lote, Mama. Nilifurahi sana, nikawaimbia na nyimbo zetu.

Kwa hiyo, kaka, kuta za babu hazina ugonjwa, kibovu ni paa. Itisha msaragambo, ondoeni nyasi, wekeni mabati, toboeni dirisha upande wa jikoni. Mwenyekiti wa kijiji akiuliza, mwambie mdogo wako msomi ndiye aliyesema.

Nisalimie shangazi muuza vitunguu wa Hedaru, na shemeji yangu, mke wa kaka. Mwambie mtoto wao nimemwona kwenye picha, pua amechukua ya babu.

Na wewe Mama, sasa unaweza kutoka nje. Wapikie wanaoezeka, wakimaliza urudi ndani kwako.

Mwanao akupendaye,
Elinihaki