Jiwe moja kwa mama yako, Gisenyi

Muzee Safari,

Ni miye Bahati, ule mwanafunzi wako mwenye alijikata kidole siku ya kwanza, ukasema, "Vizuri, chukudu imekujua sasa." Kama naandika vibaya usicheke. Unajua masomo yangu iliishia mwaka wa tatu.

Hapa Katindo, Goma, tungali tunachonga chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma mizigo. Mbwa wako alihamia kwa jirani, ule mwenye kupika nyama. Bibi yako, Mama Zawadi, anamimina chai yako kila asubuhi, kisha anaikunywa yeye mwenyewe, anasema hawezi kutupa sukari.

Na ile inchi yako, Muzee? Tukipiga mbao rabo zilainike, ulituelezeaka indépendance ingine, uhuru ile haikufikaka. Bazee ba Goma na ba Gisenyi banakutana, banaangalia mustari ya mupaka, ile bazungu balichora, banasema, "Hii kamba tutaanikia nguo." Hakuna mwenye anameza mwenzake. Kapitali ya inchi ukaiweka Kalengera, sababu ya maharagi ya kule. Miye ukanifanya ministre, waziri wa chukudu. Nikauliza, "Na askari wa mupaka atafanya nini?" Ukajibu, "Atauza samaki ya sambaza, kama batu bengine."

Nilichekaka sana. Sikujuaka kama weye haukukuwa unacheka. Mama yako alizikwa kule Gisenyi, ng'ambo ya mupaka, ku Rwanda, mwendo ya saa moja tu kwa miguu. Ukaniambia, "Nikikufa, munilaze kwa mama." Nikaapa.

Nilikudanganya, Muzee. Ulikufa bariere ya mupaka ikiwa imefungwa. Tulikungojesha siku tatu. Nilimufanyia askari vichekesho vyangu vyote, ata ile ya mbuzi na padiri. Hapana. Tukakulaza huku, ndani ya mawe ya volkano. Baramine, ile chuma ya kuvunjia mawe, ilipinda mbele shimo ifike ku kiuno. Katika inchi yako ningekusukuma ku chukudu, tukiimba, mbele ya saa sita umefika.

Juma iliyopita bariere ilifunguliwa. Nikakamata jiwe moja ku kaburi yako, ile ya upande ya kichwa, nikaifunga na shati yako ya kazi, nikaiweka ku chukudu.

Askari wa ng'ambo akauliza, "Unabeba nini?"

"Jiwe."

"Jiwe? Mumejaza Goma mawe, sasa munatuletea na siye?"

"Afande, ni mutoto. Anarudi kwa mama yake."

Akacheka. Kisha akaona miye sicheki. Akaishusha kamba ya bariere, nikapita.

Nikaiweka karibu na kaburi ya mama yako. Miye, na hii mudomo yote, nikasema tu, "Mama, Safari ameanza kufika."

Basi pumzika, Muzee. Ile ubao nzuri ulificha nyuma ya choo, niliionaka zamani. Njo ile niko nachonga nayo chukudu yako. Kila siku bariere ikifunguliwa nitavusha jiwe ingine. Siku kaburi ya huku itabaki bila mawe, ujue nimetimiza.

Ministre wako wa chukudu,
Bahati