Sauti Usiziweke Humo

3 Machi

Dada mpendwa,

Habari za huko na kazi? Sisi tunaendelea, isipokuwa koo la Baba. Daktari ameshaamua: mwezi ujao atamwondolea kisanduku cha sauti. Baada ya hapo Baba hatasema tena.

Basi nimeanza kumrekodi. Yeye anasema maneno, mimi naandika programu: picha kubwa kwenye kioo, akigusa picha ya glasi kompyuta inasema "maji" kwa sauti yake mwenyewe. Tatizo ni fujo zangu. Nina folda "mpya", "mpya kabisa", "ya mwisho" na "ya mwisho kweli", na jana nimefuta iliyo nzima nikabaki na mbovu. Nasikia kuna mifumo ya kutunza matoleo yote ya programu. Mmoja unaweka historia yote kwenye mashine kuu, mwingine kila kompyuta inabeba historia nzima. Wewe ndiyo kazi yako. Nichague upi?

Mdogo wako, fundi simu

11 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na Baba mpe pole. Nililia chooni kazini, nikanawa uso, nikarudi mezani.

Chagua wa pili. Hautegemei mtandao kila saa, na nakala utanitumia kwenye mashine yangu huku. Kila ukihifadhi, andika umebadilisha nini, siyo "nimerekebisha" tupu. Ila faili za sauti usiziweke humo. Ni nzito, zitaulemaza mfumo. Humo weka maandishi ya programu tu, sauti uziandike kwenye orodha ya vitu vya kuachwa, ili mfumo uziruke. Nakujua kwa ubishi: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Dada yako

30 Aprili

Dada,

Hujambo? Baba ametoka hospitali, anakula uji kidogo kidogo. Programu inafanya kazi! Kutwa anagusa picha ya mlango, kompyuta inasema "toka nje", jirani anacheka mpaka machozi.

Kabla ya kupasuliwa alirekodi neno lako. Nimeliwekea picha ya kasuku, jina alilokupa kwa kelele zako. Nilitaka kukutumia, akakataa. Alisema uje ulisikie hapa. Sauti zote ziko kwenye diski pembeni ya kompyuta, kama ulivyoagiza hazimo kwenye mfumo.

Mdogo wako

5 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo. Likizo wameninyima tena. Mwambie Baba anitunzie neno langu. Nakala zako zinafika, na maelezo unayaandika vizuri kuliko wenzangu hapa.

Dada yako

19 Julai

Dada,

Baba mzima. Mimi si mzima.

Tulikuwa kliniki, wezi wakavunja mlango. Wamebeba kompyuta na diski. Nimenunua mashine kuukuu, nikavuta nakala kutoka kwako. Programu imerudi yote, hata mstari mmoja haujapotea. Picha zote zikatokea.

Baba akagusa glasi. Kimya. Akafuta kidole kwenye shati, akagusa tena. Kisha akaniangalia, akaonyesha bisibisi yangu, akatabasamu. Anadhani imeharibika na mimi ni fundi, nitatengeneza. Sijaweza kumwambia.

Nina hasira na wewe, Dada. Nisamehe, lakini ninayo.

Mdogo wako

2 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu sina. Hasira yako ni haki yako.

Nilifungua historia yako yote, toleo kwa toleo, nikirudi nyuma mpaka siku ya kwanza. Kila anayeanza hukosea, siku moja husahau akaingiza faili lisilotakiwa, na mfumo haulisahau hata akilifuta. Kazini tunawagombeza kwa hilo. Nililitafuta kosa hilo kwako, walau sauti moja, kama mtu anayetafuta pete kwenye takataka. Nililiomba kwa Mungu.

Halipo. Ipo orodha yako ya vitu vya kuachwa, imepangwa vizuri: maji, mlango, dawa, kasuku. Hukukosea hata mara moja, mdogo wangu. Ulisikia la mkuu.

Nimeacha kuomba likizo, naja hivyo hivyo. Baba usimwambie kitu. Nitamwambia mimi.

Dada yako